Treni ya chini ya ardhi inasimama handakini na hatuambiwi neno: wenzangu mnafanyaje?

MamaSalha aliandika:

Wanajamvi wenzangu, assalaam alaykum, na wale wa salamu nyingine hamjambo.

Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limeninyima utulivu tangu mwezi wa Oktoba. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi katika jiji moja kubwa la Ulaya, ambalo silitaji jina kwa sababu sipendi mwajiri wangu anitambue hapa. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Zamu yangu huanza saa moja kamili asubuhi, na mwenzangu wa zamu ya usiku haruhusiwi kuondoka mpaka mimi nifike, kwa kuwa wazee wale hawawezi kuachwa peke yao. Natoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri, napanda basi, kisha treni ya chini ya ardhi kwa vituo kumi na vinne, nabadilisha treni katikati ya jiji na kumalizia vituo vitano. Siku njema, safari yote huchukua saa moja na dakika kumi, hivyo nafika mapema, navaa sare na kupokea taarifa za usiku kwa utulivu.

Siku njema zimekuwa chache. Kuchelewa peke yake naweza kukuvumilia, maana chombo chochote hukwama, na mtu aliyekulia njia za Lushoto wakati wa masika hashangazwi na kungoja. Kinachoniumiza ni namna tunavyoachwa gizani wakati wa kungoja. Jumanne iliyopita treni yetu ilisimama handakini, kati ya vituo viwili, kwa dakika thelathini na nane. Katika muda wote huo tulisikia tangazo moja tu, lililosema kwamba tutaondoka hivi punde. Joto lilipanda, watu walikuwa wamebanana kiasi kwamba mama mmoja mjamzito alikaa sakafuni kwa sababu waliotaka kumpisha kiti hawakuweza kumfikia. Tulipofika kituoni tukaamriwa sote tushuke, kwamba treni haiendelei. Ubao wa jukwaani ulionyesha kuwa treni nyingine itafika baada ya dakika mbili, na mbili hiyo ikabaki mbili kwa karibu robo saa. Nikapanda juu kutafuta basi, nikakuta foleni imezunguka kona ya barabara. Nilipokuwa bado katika foleni hiyo, treni zikaanza tena kupita chini yetu na hakuna mfanyakazi aliyetoka kutuambia.

Nilifika kazini saa moja na dakika hamsini. Mwenzangu alikuwa amesimama karibu na mlango, koti ameshalivaa, na mtoto wake alikuwa nyumbani akimsubiri ampeleke shule. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alinikabidhi funguo na daftari la dawa, akaondoka mbio, na mpaka leo nikifumba macho naiona sura yake.

Msimamizi ameniandikia onyo la kwanza. Wakala aliyeniajiri hukata malipo ya nusu saa nzima kwa kila kuchelewa, hata kama ni kwa dakika tano. Nataka kujua mambo matatu kutoka kwa wenye uzoefu. Mnaamuaje kama ni kusubiri au kutoka na kutafuta njia nyingine? Kuna namna ya kupata ushahidi ambao mwajiri ataukubali? Na mnafanya nini na nafsi zenu pale treni inaposimama gizani na moyo unaanza kwenda mbio? Hili la tatu naliuliza kwa aibu kidogo, lakini ndilo linalonifanya nianze kuogopa kutoka nyumbani.

Chande81 alijibu:

Pole sana, dada. Kwa maoni yangu jawabu ni kutoka nyumbani saa nzima mapema zaidi. Mimi nilifanya hivyo miaka mitatu na sikuwahi kuandikiwa onyo. Treni hazibadiliki kwa ajili yetu, kwa hiyo sisi ndio wa kubadilika.

BinSeif_London alijibu:

Dada MamaSalha, wa alaykum salaam na pole kwa yaliyokukuta.

Kaka Chande ameshauri kwa nia njema, lakini naomba nitofautiane naye. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri tayari ametoa usingizi wake, na ukimwambia atoke saa kumi na robo unamwambia alale saa mbili usiku kabla hata watoto hawajala. Zaidi ya hapo, dakika thelathini na tano za akiba anazo, na siku ile hazikumfaa kitu. Saa ya ziada ingemwokoa Jumanne ile, lakini ingemgharimu kila siku nyingine ya mwaka.

Sijui uko jiji gani, kwa hiyo nitaeleza ya London, ninakoishi, nawe uangalie kama jiji lako lina mfano wake. Hapa, ukicheleweshwa dakika 15 au zaidi katika treni za chini ya ardhi, na sababu ikawa imo ndani ya uwezo wa waendeshaji, una haki ya kudai nauli ya safari hiyo. Kwa treni za Overground na za njia ya Elizabeth kiwango ni dakika 30. Madai huwasilishwa mtandaoni ndani ya siku 28, na ili yakubalike ni lazima safari yako iwe imeandikwa katika kadi, yaani uwe umegusa kadi ileile langoni wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Mgomo, tishio la usalama na hali mbaya ya hewa havilipiwi. Fedha yenyewe ni ndogo, na wengi huiacha kwa sababu hiyo. Mimi nakusihi udai kila mara, hata kama ni nauli moja tu, kwa sababu madai yakikubaliwa yanabaki kuwa maandishi ya waendeshaji wenyewe kwamba tarehe fulani ulicheleweshwa. Msimamizi wako hawezi kuyaita hadithi.

Kuhusu kadi kuna jambo ambalo watu hulijua wakiwa wameshaumia. Kituo kikifungwa kwa dharura, milango huachwa wazi na umati hutolewa nje bila kugusa kadi. Safari ikibaki haijafungwa, mfumo unaweza kukutoza nauli ya juu kabisa, na ndivyo pia inavyoweza kuwa ukizuiliwa chini ya ardhi kupita muda uliowekwa kwa safari hiyo. Jioni ya siku kama ile, fungua akaunti yako uangalie ulichokatwa.

Swali lako la kwanza nalijibu hivi: amua kabla hujatoka nyumbani. Ukiwa umebanwa katika umati, akili hudanganyika na tangazo la "hivi punde" na kukushawishi ungoje dakika tano nyingine, kisha tano nyingine. Mimi nina kikomo cha dakika kumi jukwaani. Zikipita bila treni kufika na bila maelezo yenye maana, natoka juu bila kujadiliana na nafsi yangu. Nimeandika katika karatasi iliyomo ndani ya pochi basi la kupanda kutoka kila kituo kikubwa cha njia yangu, kwa sababu simu chini ya ardhi haiaminiki, hata kama tangu Machi 2020 baadhi ya mahandaki ya London yamewekewa mtandao. Vilevile jifunze kutembea. Ramani ya treni huwadanganya watu kuhusu umbali: kati ya Leicester Square na Covent Garden, kwa mfano, ni takriban mita 260 tu, lakini kila siku watu hushuka ngazi, husubiri treni na kupanda ngazi tena kwa ajili ya mwendo ambao ungewachukua dakika chache kwa miguu. Mwaka 2015 ilitolewa hapa ramani rasmi inayoonyesha dakika za kutembea kati ya kituo na kituo. Ukiipata ya jiji lako, kaa nayo jioni moja na uweke alama katika vituo vyako kumi na tisa. Ninaamini utakuta viwili au vitatu ambavyo hukujua kwamba vinatazamana.

Fundi_wa_Ishara alijibu:

Dada MamaSalha, nimesoma maelezo yako mara mbili, kwa kuwa kazi yangu kwa miaka kumi na moja imekuwa ni mitambo ya ishara za reli, na ulichokieleza nakifahamu kutoka upande wa pili wa ukuta. Naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa imani kwamba mtu akijua kinachotokea mbele ya treni, dakika thelathini na nane zinakuwa na sura nyingine.

Njia ya reli hugawanywa katika vipande, na kanuni ya msingi ni kwamba kipande kimoja huingiwa na treni moja tu. Katika mifumo ya zamani, mkondo mdogo wa umeme hupitishwa katika reli za kila kipande. Treni ikiingia, magurudumu na mihimili yake huunganisha reli mbili, mkondo haufiki tena kwenye kifaa kinachousubiri, na hapo taa ya ishara iliyo njiani nyuma ya treni hiyo huwa nyekundu. Ubora wa mpango huu ni kwamba unapoharibika, huharibikia upande wa usalama. Waya ukikatika au maji yakivuja juu ya reli, kipande huonekana kana kwamba kina treni ingawa ni kitupu, na taa hubaki nyekundu. Hiyo ndiyo inayoitwa hitilafu ya ishara. Dereva hawezi kuipita taa hiyo kwa uamuzi wake. Ni lazima apewe ruhusa na chumba cha udhibiti, na akipewa huenda taratibu sana mpaka taa inayofuata. Kwa hiyo treni kusimama si dalili ya hatari. Mara nyingi ni dalili kwamba kinga imefanya kazi yake.

Ila hiyo si sababu ya kuwaweka watu handakini, na hapa ndipo malalamiko yako yana haki. Njia ya Victoria ya London, tangu 2017, hupitisha treni 36 kwa saa wakati wa msongamano, yaani moja kwa kila sekunde 100. Treni ya mbele ikizuiwa dakika kumi katika njia kama hiyo, treni sita zimeshafika nyuma yake. Chumba cha udhibiti chenye watu makini huzizuia treni hizo mara moja, kila moja katika kituo chake, milango ikiwa wazi, ili abiria wachague kubaki au kutoka. Chumba kilicholemewa huchelewa kutoa amri hiyo, treni zinaendelea kuingia, na vituo vikijaa, zinazobaki husimama katikati. Mlichofanyiwa Jumanne kinafanana sana na hilo la pili. Hitilafu yenyewe pengine haikuepukika, lakini kuwaweka ninyi kati ya vituo viwili kwa dakika thelathini na nane ni jambo la uendeshaji, na katika barua ya malalamiko ulitenganishe na hitilafu, kwa sababu watakujibu kuhusu hitilafu na kuliruka hilo.

Dereva usimlaumu kwa ukimya wake. Mara nyingi anachokijua ni kile alichoambiwa kwa redio, na redio siku kama hiyo ina madereva wengi wanaouliza swali lilelile. Hata hivyo, dereva mzuri husema hata asipokuwa na habari: atasema kwamba amesimama mbele ya taa nyekundu, kwamba ameuliza na hajajibiwa, na kwamba atazungumza tena baada ya dakika tatu. Abiria hutulia kwa maneno hayo kuliko kwa "hivi punde" ambayo haitimii, kwa kuwa ahadi ikivunjika mara mbili watu huacha kuamini hata tangazo la kweli litakalokuja baadaye.

Kuhusu ule ubao wa dakika mbili: huhesabu kwa kuangalia treni ilipo na muda ambao kwa kawaida huutumia kufika hapo ulipo. Haujui kwa nini treni imesimama wala itasimama hadi lini. Namba isipobadilika kwa dakika tatu huku saa ya mkononi inakwenda, ichukue kwamba huna taarifa yoyote, na uamue kwa kikomo chako kama alivyosema BinSeif.

Nyongeza kuhusu kusoma matangazo, na hii ni kwa uzoefu wangu, si kanuni ya mahali popote. Wakisema kuna treni mbele yenu, subiri. Wakisema kuna abiria mgonjwa, subiri pia, ila anza kukumbuka basi lako. Wakitaja hitilafu ya ishara au ya umeme na upo kituoni, toka, hasa ikiwa tangazo linasema mafundi wako njiani, kwa sababu maana yake ni kwamba bado hawajafika na kazi haijaanza. Wakisema kuna mtu chini ya treni, toka bila kungoja na umwombee, kwani shughuli ile huhitaji polisi na waokoaji na haiharakishwi.

Njia ikifunguliwa tena, usiipande treni ya kwanza ukiweza kujizuia. Treni iliyochelewa hukuta watu wengi zaidi katika kila kituo, milango hukawia kufungwa, nayo huzidi kuchelewa, wakati ile inayoifuata hukuta majukwaa yaliyokwisha kusombwa. Ya pili au ya tatu mara nyingi ina nafasi, na hupishana na ya kwanza kwa dakika chache tu. Tena ile ya kwanza ndiyo ambayo huenda ikageuzwa kabla ya mwisho wa njia ili ratiba irudi mahali pake, na hapo ndipo abiria huamriwa washuke kama mlivyoamriwa ninyi.

Nuru_Brooklyn alijibu:

MamaSalha mpendwa, nimelia kidogo kwa ajili ya mwenzako wa zamu ya usiku, kwa sababu nami ni muuguzi na nimekuwa pande zote mbili za mlango ule.

Kuhusu ushahidi: hapa New York, abiria anaweza kuomba kwa njia ya mtandao uthibitisho wa ucheleweshaji. Unajaza tarehe, saa, njia na vituo vya safari, nao wanakujibu kwa maandishi. Paris wana hati ya namna hiyo kwa treni za metro, inayopatikana mtandaoni. Tokyo wameizoea zaidi: treni ikichelewa, vituo hutoa kikaratasi cha kumwonyesha mwajiri au mwalimu, na siku hizi hupatikana pia katika tovuti za reli, hata kwa kuchelewa kwa dakika tano. Kwa hiyo hauombi jambo la ajabu. Andikia waendeshaji wa jiji lako na uulize kama wanatoa hati hiyo. Wakati unasubiri jibu, jitengenezee kumbukumbu yako: piga picha ubao wa jukwaani pamoja na saa yake, hifadhi tangazo lililotolewa katika programu au tovuti yao kabla halijafutwa, na andika mistari miwili siku ileile, wala usiiahirishe mpaka kesho.

Kwa mwajiri, usipeleke lawama peke yake. Mpelekee pendekezo juu ya makabidhiano. Katika wodi yangu tulikubaliana kwamba yeyote aliyekwama ampigie mwenzake moja kwa moja pindi anapopata mtandao, na asianzie kwa msimamizi. Anayekaa karibu na kazi huja mapema kumpokea wa usiku, na mwenye deni hulipa kwa kuja mapema siku nyingine. Tuliliandika na msimamizi akatia sahihi. Tangu hapo anayekwama anajua kwamba kuna mtu anayekwenda mlangoni kwa niaba yake.

Halafu usidharau nguvu ya kulalamika kwa pamoja. Mwaka 2017 hali hapa ilikuwa mbaya mno. Mwezi Juni treni ya njia ya F ilikwama bila taa wala kipoza hewa, na picha za vioo vilivyofunikwa na mvuke wa pumzi za watu zilienea kote. Tarehe 27 mwezi huohuo treni ya njia ya A iliacha reli huko Harlem na zaidi ya watu 30 waliumia. Siku mbili baadaye gavana wa jimbo, Andrew Cuomo, akatangaza hali ya dharura, na mwezi Julai ukatolewa mpango wa matengenezo wa dola milioni 836. Baadhi ya mitambo ya ishara ilikuwa ya miaka ya 1930. Jambo ambalo watu hawalitaji sana ni kwamba mwishoni mwa mwaka ule watangazaji wa ndani ya treni nao waliagizwa waache maneno ya kukariri, wazungumze na abiria kama watu na kutaja sababu yenyewe. Agizo kama lile halikuhitaji mitambo mipya wala kusubiri miaka, na lilikuja baada ya abiria kupaza sauti kuhusu matangazo kwa muda mrefu.

MzeeKombo alijibu:

Mwanangu MamaSalha, nimeliona swali lako la tatu na naona wenzangu wamelipita haraka. Hakuna aibu ndani yake. Mwili wa binadamu ukifungiwa mahali penye giza na joto bila kujua mwisho wake hupiga kelele, na ndivyo ulivyoumbwa.

Mimi niliishi karibu na Washington kwa miaka mingi. Tarehe 12 Januari 2015, karibu na kituo cha L'Enfant Plaza, treni ya njia ya Manjano ilisimama katika handaki lililojaa moshi uliotokana na hitilafu ya umeme wa reli. Abiria mmoja alifariki na wengine wengi walipelekwa hospitali. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri uligusa kazi ya chumba cha udhibiti na namna feni za handaki zilivyoendeshwa. Sikuwamo katika treni ile, lakini nilipanda njia hiyo wiki iliyofuata na mikono ilinitetemeka. Nalisimulia kwa sababu ya funzo moja la vitendo. Katika treni nyingi za namna hii reli ya pembeni hubeba umeme wa volti zaidi ya mia sita, na treni ya upande wa pili inaweza kupita wakati wowote. Kwa hiyo, mradi hakuna moshi wala moto, mahali salama ni ndani ya behewa, hata kama ni mahali pabaya. Usimfuate mtu anayelazimisha mlango kufunguka kwa sababu amechoka kungoja. Ukiona moshi au mtu amezirai, tumia kifaa cha dharura kuzungumza na dereva, mweleze namba ya behewa kwa ufupi, kisha ufuate atakayosema. Namba hiyo huandikwa ndani ya behewa; izoee kuitafuta siku ya utulivu.

Na kwa moyo: siku zote beba maji, na usikae katikati ya behewa wakati wa msongamano, simama karibu na mwisho wa viti ambapo una kitu cha kushika na hewa kidogo. Vua koti kabla treni haijasimama. Treni ikisimama, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, mara kumi, na ulimi wako uwe katika uradi unaoujua. Mimi nilizoea kusoma Yasini, na kwa kisomo changu cha taratibu huchukua kama robo saa. Mara nyingi treni iliondoka kabla sijafika mwisho, na pale ambapo haikuondoka nilijua kwa hakika kwamba robo saa imepita, bila kutazama simu kila dakika. Kisha mtazame aliye karibu nawe. Yule mama mjamzito, kama mtu mmoja tu angesema kwa sauti, "Jamani, kuna mjamzito hapa, tumpitishie maji na tumfungulie njia," watu wangejikunja. Mtu mwenye hofu akipata la kumfanyia mwenzake, hofu humpungua. Hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Chande81 alijibu:

Dada MamaSalha na kaka BinSeif, nimesoma yote na nakiri kwamba jibu langu la mwanzo lilikuwa jepesi. Mimi nilikuwa kijana asiye na familia wakati ule. Samahani.

MamaSalha aliandika:

Kaka Chande, hakuna kosa. Mzee Kombo, shikamoo, na Mungu akuzidishie umri. Wote nawashukuru kutoka moyoni.

Nimerudi baada ya siku tisa kuwaeleza yaliyotokea. Nimekuta kwamba waendeshaji wa jiji hili wanatoa hati ya ucheleweshaji, ingawa imefichwa mbali ndani ya tovuti yao. Niliomba hati za siku nne, nikapata tatu. Nilizipeleka kwa msimamizi pamoja na ukurasa mmoja wa pendekezo la makabidhiano, kama alivyoeleza dada Nuru. Onyo halijafutwa, lakini ameandika chini yake kwamba ucheleweshaji ulithibitishwa, na amekubali kwamba binti mmoja anayekaa dakika kumi kwa miguu kutoka kazini awe wa kupigiwa simu, nami nitamlipa kwa kuchukua asubuhi zake za Jumapili. Wakala bado anakata ile nusu saa. Hilo nalipeleka kwa chama cha wafanyakazi wiki ijayo.

Pia nilikaa na ramani. Kituo ninachobadilisha treni kiko dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka kituo cha tatu cha njia yangu ya pili, kwa kupitia bustani ambayo sikuwahi kujua kwamba ipo. Juzi treni za njia hiyo zilisimamishwa, nikatembea, nikafika na dakika ishirini mkononi.

Nina swali moja la mwisho kwa kaka Fundi. Nikiwa ndani ya treni iliyosimama kituoni, milango ikiwa wazi, na tangazo linasema tunasawazisha muda, je, hiyo ni ya kutoka au ya kusubiri?

Fundi_wa_Ishara alijibu:

Ni ya kusubiri, dada. Hapo wanaizuia treni yako makusudi ili pengo kati yake na ya mbele yake lisiwe dogo kuliko la nyuma, na zuio hilo kwa kawaida huhesabiwa kwa sekunde au dakika chache. Lakini simama karibu na mlango. Tangazo likibadilika na kutaja hitilafu kabla milango haijafungwa, shuka.